Kompyuta Zinavyotafutana: Hisabati ya Kutangaza, Kuuliza na Kukumbuka

Mgeni afikaye Bombo kwa mara ya kwanza, baada ya gari kuiacha tambarare ya Gonja na kupanda milima ya Upare Kusini, huwa na mahitaji yake. Pengine anatafuta zahanati, pengine mashine ya kusaga, pengine fundi cherehani. Huduma hizo zipo, lakini yeye hajui zilipo. Ana njia tatu za kuzipata. Njia ya kwanza ni kukaa barazani na kungoja, kwa kuwa wenye huduma nao hutangaza: la mgambo likilia, kuna jambo. Ya pili ni kumwuliza kila anayekutana naye njiani, kwani kuuliza si ujinga. Ya tatu ni kwenda ofisi ya kijiji, ambako karani ana daftari lenye orodha ya huduma zote na mahali zilipo.

Kompyuta iunganishwayo katika mtandao ni mgeni wa namna hiyo hiyo. Inapowashwa haijui mashine ya kuchapa iko wapi, wala seva yenye vitabu na maswali ya mitihani iliyopita ina anwani gani. Lazima itafute. Nayo hutumia njia zile zile tatu: husikiliza matangazo, huuliza wote, au huenda kwenye daftari. Wataalamu wa kompyuta huiita kazi hii utafutaji wa huduma. Katika makala haya tutaonyesha jinsi hisabati ya sekondari inavyoweza kukadiria ubora wa kila njia kabla ya kununua hata waya mmoja. Mwishoni tutaeleza kosa ambalo mwandishi mwenyewe alilifanya, na ambalo kadirio la dakika tano kwenye karatasi lingeliweza kulizuia.

Kielelezo ni nini?

Mhandisi hawezi kujenga daraja mara kumi ili aone ni lipi litakalovunjika. Badala yake huchora, hupima na kupiga hesabu. Mchoro huo pamoja na hesabu zake ndio tunaouita kielelezo. Kielelezo si kitu chenyewe. Ramani ya Upare haina matope wala ukungu wa mlima Shengena, lakini humfikisha msafiri. Ubora wa kielelezo haupimwi kwa wingi wa mambo yaliyomo, bali kwa kujibu sawasawa swali lililoulizwa.

Kuhusu utafutaji wa huduma, maswali ni matatu. Kwanza, mtafutaji atangoja muda gani? Pili, utafutaji huo utautwika mtandao mzigo wa ujumbe kiasi gani? Tatu, jibu litakalopatikana litakuwa bado ni la kweli? Tuyaite kwa ufupi muda, mzigo na ukweli. Msomaji ataona kwamba aghalabu tukipunguza kimoja, kingine huongezeka.

Tuchukue kwa mfano chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari ya kubuni iliyoko Bombo. Chumba kina kompyuta 24, mashine moja ya kuchapa na seva moja ya maktaba, vyote vikiwasiliana bila waya. Kwa kuwa mawasiliano ya namna hii hupatwa na vurugu za hewani, tukadirie kwamba katika kila ujumbe 10 unaotumwa, 2 hupotea. Yaani uwezekano wa ujumbe kupotea, tutakaouita p, ni 0.2.

Njia ya kwanza: kutangaza

Seva hutangaza kila baada ya muda T: "Mimi ndiye mwenye maktaba, anwani yangu ni hii." Mwanafunzi awashaye kompyuta yake wakati wowote ule atangoja, kwa wastani, nusu ya T kabla ya tangazo lijalo. Lakini tangazo hilo laweza kupotea, naye akalazimika kungoja jingine. Wastani wa matangazo yanayopotea kabla ya moja kufika ni p/(1−p), na kila moja humchelewesha kwa muda T mzima. Kwa hiyo:

wastani wa kungoja = T/2 + Tp/(1−p)

Kama seva hutangaza kila baada ya sekunde 60, na p ni 0.2, tunapata 30 + 15, yaani sekunde 45. Kama hutangaza kila baada ya sekunde 10, tunapata 5 + 2.5, yaani sekunde 7.5. Mwanafunzi mwenye haraka atasema mara moja kwamba tuchague sekunde 10.

Asiamue kabla ya kupima mzigo. Katika mitandao ya siku hizi si seva peke yake itangazayo. Tuseme kila moja ya kompyuta zile 24 ina huduma 3 za kutangaza. Kwa kipindi cha sekunde 10, kila huduma itatangazwa mara 360 kwa saa, na chumba kizima kitakuwa na matangazo 72 × 360, yaani 25,920 kwa saa, au zaidi ya 7 katika kila sekunde. Haya yatapita hewani hata kama hakuna mwanafunzi yeyote anayetafuta kitu. Isitoshe, ujumbe wa kusikiwa na wote bila waya kwa kawaida hutumwa kwa mwendo wa chini, ili mashine iliyo mbali kabisa nayo iusikie. Hivyo hushika njia kwa muda mrefu kuliko ujumbe wa kawaida. Mpiga mbiu asiyenyamaza huwazuia wanakijiji kuzungumza.

Njia ya pili: kuuliza

Hapa seva hukaa kimya mpaka iulizwe. Kompyuta hutuma swali kwa wote: "Nani ana maktaba?" Ili ipate jibu, ni lazima swali lifike na jibu nalo lifike. Uwezekano wa mambo hayo mawili kutokea pamoja ni (1−p) × (1−p), yaani 0.8 × 0.8 = 0.64. Basi uwezekano wa jaribio moja kushindwa ni 0.36.

Kompyuta isiyopata jibu huuliza tena. Kanuni moja itumiwayo sana, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2013, huagiza kwamba swali la pili lisitumwe kabla ya sekunde 1 kupita, kisha kila kipindi cha kungoja kiwe angalau maradufu ya kilichotangulia. Kwa kasi hiyo, swali la tatu hutumwa sekunde 3 baada ya lile la kwanza. Uwezekano wa majaribio matatu yote kushindwa ni 0.36 × 0.36 × 0.36, ambao ni karibu 0.047. Tukizidisha kwa kompyuta 24, tunapata 1.1.

Tafsiri yake ni hii: kila asubuhi, katika chumba chenye kompyuta 24 zilizo nzima kabisa, tutegemee kwamba kwa wastani moja hivi itakuwa bado haijaiona maktaba baada ya kuuliza mara tatu. Walimu wengi wanaijua kompyuta hiyo. Husemwa kwamba ina kichwa kigumu, na pengine hufunguliwa kwa bisibisi na kusumbuliwa bure. Kielelezo chetu kinatupa njia ya kuihukumu kwa haki. Weka daftari, andika kila siku namba ya kompyuta iliyochelewa. Ikiwa ni namba ile ile daima, kompyuta hiyo ni mbovu. Ikiwa namba hubadilika siku hadi siku, ubovu hauko ndani ya kompyuta. Ni nasibu tu, na dawa yake ni kupunguza p, labda kwa kuusogeza mnara mdogo wa mawasiliano katikati ya chumba.

Lipo jambo lingine. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zote 24 huamka pamoja na kuuliza kwa pamoja. Ujumbe ukigongana hewani huharibika, ukiharibika hurudiwa, na marudio huongeza migongano. Hapo p si 0.2 tena. Tiba yake ni ya ajabu kidogo: kila kompyuta ingoje muda mfupi wa kubahatisha kabla ya kuuliza. Kanuni tuliyoitaja huagiza kungoja kati ya milisekunde 20 na 120. Tukichukulia kwamba swali moja huchukua milisekunde 1, basi zipo nafasi 100 za kuchagua. Uwezekano wa kompyuta fulani kutogongana na yoyote kati ya nyingine 23 ni 0.99 kwa kipeo cha 23, ambao ni karibu 0.79. Kama nafasi zingelikuwa 10 tu, uwezekano ungekuwa 0.9 kwa kipeo cha 23, yaani kama 0.09. Kungoja kidogo kwa makusudi kumewaokoa wengi. Tukiri hapa kwamba kielelezo hiki kinapuuza jambo moja: mashine halisi husikiliza kwanza kama njia ni tupu kabla ya kusema, kwa hiyo migongano huwa michache kuliko tulivyokadiria. Lakini mwelekeo ni ule ule.

Njia ya tatu: daftari la karani

Njia ya daftari haina makelele. Kila huduma hujiandikisha kwa karani, na kila mtafutaji huenda moja kwa moja kwake. Tatizo lake ni foleni.

Hisabati ya foleni ilianza na simu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 makala yaliyoonyesha kwamba simu zinazoingia kwa nasibu zinaweza kuhesabiwa kwa nadharia ya uwezekano. Kutokana na msingi huo wataalamu walipata mlinganyo mwepesi. Tuseme maswali yanayomfikia karani kwa sekunde ni a kwa wastani, na maswali anayoweza kuyajibu kwa sekunde ni b. Ikiwa maswali huja kwa nasibu, na muda wa kulijibu kila moja nao hubadilika kwa nasibu, basi wastani wa muda tangu mtu aingie foleni hadi aondoke na jibu lake ni:

1/(b−a)

Tumpe karani uwezo wa kujibu maswali 10 kwa sekunde. Yakija maswali 5 kwa sekunde, kila mmoja hukaa sekunde 0.2. Yakija 8, hukaa sekunde 0.5. Yakija 9, hukaa sekunde 1. Yakija 9.9, hukaa sekunde 10. Mwanafunzi na atazame vizuri tarakimu hizi. Kutoka 9 hadi 9.9 ni nyongeza ya sehemu moja tu katika kumi, lakini muda wa kungoja umeongezeka mara kumi. Yakifika 10, mlinganyo unakataa kabisa, na foleni hurefuka bila kikomo. Ndiyo maana siku ya kutangazwa matokeo ya mtihani, vijana wanapopanda mlimani kutafuta mawimbi ya simu na taifa zima linauliza jambo lile lile kwa saa ile ile, mashine zilizokuwa zikijibu upesi jana yake huonekana kana kwamba zimekufa. Hazikufa, a imeikaribia b.

Dunia yenyewe ilipitia shida ya karani mmoja. Katika mtandao wa ARPANET wa Marekani, majina ya kompyuta zote yaliwekwa katika faili moja lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila kituo kililinakili. Kompyuta zilipoongezeka maradufu, faili lilikuwa refu maradufu na wanaolinakili wakawa wengi maradufu, hivyo mzigo ukawa mara nne. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha mpango wa kuligawa daftari hilo katika madaftari mengi yanayopangwa kama matawi ya mti. Mpango huo ndio unaotumika hadi leo. Herufi tz mwishoni mwa anwani za nchi yetu ni tawi mojawapo, lililoandikishwa mwaka 1995.

Ndiva ya majibu

Kugawa daftari hakukutosha. Msaada mkubwa zaidi ulitokana na kukumbuka, na hapa Wapare wanao mfano wao wenyewe. Kijito kidogo cha mlimani, kikiachwa kitiririke, hakifiki mashamba ya chini. Kwa hiyo wazee walijenga ndiva. Usiku kucha maji hukusanyika ndani yake, na asubuhi mlango hufunguliwa, mfereji ukapata maji yenye nguvu ya kufika mbali. Kompyuta nayo ina ndiva yake: jibu lililoletwa kutoka mbali huwekwa karibu, na waulizaji wafuatao hupewa hilo hilo bila kulifuata tena.

Faida yake huonekana pale njia inapokuwa ndefu. Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni karibu kilomita 72,000, na kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ni sekunde 0.24. Swali na jibu pamoja ni karibu nusu sekunde. Kabla ya kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, kiitwacho TIX, kuanzishwa Dar es Salaam mwaka 2004, hata ujumbe wa mteja wa kampuni moja kwenda kwa jirani yake mteja wa kampuni nyingine katika jiji hilo hilo aghalabu ulipaa namna hiyo hadi ng'ambo na kurudi.

Kila jibu linalohifadhiwa hupewa umri, nao ukiisha hutupwa. Tuite umri huo T, na tuseme jibu hilo huulizwa mara a kwa dakika. Swali la kwanza hulazimika kwenda mbali. Katika muda T unaofuata, maswali aT kwa wastani hujibiwa papo hapo. Kwa hiyo, katika kila maswali 1 + aT, moja tu huenda mbali, na sehemu ya maswali yanayojibiwa karibu ni:

aT/(1 + aT)

Shule yetu na iulize mara 1 kwa dakika. Jibu la karibu lichukue sekunde 0.005, na la mbali sekunde 0.5. Umri ukiwa dakika 5, maswali 5 katika 6 hujibiwa karibu, na wastani wa muda ni karibu sekunde 0.09. Umri ukiwa saa 1, maswali 60 katika 61 hujibiwa karibu, na wastani ni sekunde 0.013. Umri ukiwa saa 24, wastani ni sekunde 0.005.

Kosa la mwandishi

Mwaka 2008, nikiwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo, niliombwa kusaidia kuupanga mtandao wa shule moja ya Upareni. Shule ilikuwa ikitumia setilaiti kuifikia seva ya maktaba iliyokuwa mjini. Niliona fahari kupunguza muda wa kungoja kadiri ilivyowezekana, nikaweka umri wa saa 24. Kila mtu alifurahi.

Juma moja kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, seva ile iliharibika. Fundi alifanya kazi nzuri: kabla ya saa moja kupita alikuwa ameweka nyingine mahali pake, yenye anwani mpya, na daftari la mjini likasahihishwa. Lakini shule haikujua. Ndiva niliyoijenga ilikuwa imejaa anwani ya zamani, na kompyuta zote ziliendelea kuibisha hodi nyumba isiyo na mtu. Watahiniwa walikaa mbele ya mashine kutwa nzima bila kupata swali hata moja la mazoezi. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, na wao hawakuwa na siku nyingine ya ziada.

Nilipokwenda kuwaomba radhi, kijana mmoja alisimama akauliza, "Samahani, Mwalimu. Kutoka saa 1 hadi saa 24, tulikuwa tunapata faida gani?" Nilichukua chaki nikapiga hesabu ubaoni, ile ile aliyoisoma msomaji hapo juu. Faida ilikuwa sekunde 0.008, muda ambao hakuna binadamu awezaye kuuhisi. Gharama nayo ilihesabika: ikiwa huduma inahama wakati wowote ule, jibu la zamani litaendelea kupotosha watu kwa wastani wa nusu ya umri wake, na kwa uchache wa bahati kwa umri wake wote. Kwa saa 1, hiyo ni nusu saa. Kwa saa 24, ni nusu ya siku au zaidi. Nilikuwa nimepima muda, nikapima na mzigo. Ukweli sikuupima.

Waliotunga kanuni ya mwaka 2013 walilifikiria jambo hili. Anwani ya mashine, ambayo hubadilika mara kwa mara, hupendekezewa umri wa sekunde 120 tu. Habari nyingine zilizo tulivu hupewa dakika 75. Kompyuta inayoendelea kuihitaji habari fulani huuliza upya pindi umri wake ufikiapo asilimia 80, bila kungoja uishe. Na huduma inayojua kwamba inaondoka hutakiwa kuaga: hutuma tangazo lenye umri sifuri, ili wote waisahau. Seva yetu haikupata nafasi ya kuaga.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuonyesha mambo haya bila kompyuta. Wanafunzi 36 na wawe kompyuta, kila mmoja akiwa na dadu. Kila jaribio lina mitupo miwili, mmoja wa swali na mmoja wa jibu. Anayepata 1 katika mtupo wowote, ujumbe wake umepotea. Uwezekano wa jaribio kufaulu ni 25/36. Kila mmoja na ajaribu mpaka mara tatu, kisha wahesabiwe walioshindwa mara zote tatu. Hesabu inatabiri mtu 1 kwa wastani. Zoezi lirudiwe siku tano, majina ya walioshindwa yaandikwe, na darasa lijadili kama yupo kati yao anayestahili kuitwa mbovu.

Kisha wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita wajibu swali hili: zahanati ina orodha ya dawa zilizopo ghalani, nayo huulizwa mara 2 kwa saa. Dawa huisha bila taarifa. Je, umri wa jibu uwe muda gani? Wasitoe tarakimu moja tu. Waonyeshe muda, mzigo na ukweli, na waeleze ni nani atakayelipa gharama ya kila uchaguzi.